Sehemu ya Kwanza, Mara Nne

Nyumbani kwa Mama Vibanio, juu ya kabati la vyombo, vyeti vinne vilitundikwa mstari mmoja, vinafanana kama watoto wa tumbo moja. Kila kimoja kilikuwa na mpaka wa rangi ya dhahabu na muhuri wa bluu, na vyote vinne vilisema neno lile lile: mwenye cheti hiki amehitimu Mafunzo ya Walezi wa Watoto Baada ya Shule, Sehemu ya Kwanza.

"Mke wangu amesoma," mumewe alikuwa akiwaambia wageni. Yeye ni fundi saa, na ulimi wake hauhitaji kutiwa mafuta. "Wenzake wana Sehemu ya Kwanza moja. Huyu anazo nne. Akipata ya tano watampa gari."

Wageni walicheka. Mama Vibanio aliwawekea chai mezani, akarudi jikoni. Alikuwa mtu mpole, mtu wa sala, na mwanzoni mwa mwaka alimwahidi Mungu kwamba hatamjibu mtu kwa hasira. Ahadi hiyo ilikuwa mzigo mwaka mzima, na waliomtwisha hawakuwa watoto. Walikuwa watu wa semina.

Lakini ngoja kwanza nikueleze habari ya vibanio, maana bila vibanio hutamwelewa huyu mama.

Katika kituo cha mtaa, kile chenye bati la kijani na ngazi tatu mbele, kuna chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mawili yanayotazama barazani. Zamani Mama Vibanio alikuwa anakifagia tu. Alikuwa mfagizi wa kituo, basi. Watoto walitoka shule saa tisa alasiri, wazazi walitoka kazini saa kumi na mbili, na katikati hapo watoto walijikalia kwenye ngazi, wanapigana kwa mabegi na kukimbilia barabarani. Siku moja aliwaambia waingie ndani wamsaidie kupanga viti. Kesho yake wakaja na madaftari. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na wawili, na Mratibu wa wakati ule, mzee mwenye huruma, akamkabidhi ufunguo wa chumba akamwambia, "Wewe endelea tu." Akaendelea miaka kumi na mitatu. Watoto sasa walikuwa ishirini na watatu.

Shule yake ilikuwa ya msingi, wala hakuficha. Hesabu ikimshinda aliwaambia watoto, "Hapa tumsubiri mkubwa wa darasa la saba, mimi nimefika mwisho wa njia." Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemshinda, nalo ni kujua mtoto yuko wapi. Alinunua vibanio vya nguo, vile vya mbao, akampa kila mtoto chake akipake rangi anayoitaka. Vibanio vilikaa kwenye kopo kando ya mlango. Barazani, chini ya dirisha, akafunga kamba. Mtoto akifika, jambo la kwanza, kabla ya begi, kabla ya maji, anachukua kibanio chake anakibana kambani. Kukitoa haruhusiwi. Anayekitoa ni Mama Vibanio peke yake, na anakitia mkononi mwa mtu mzima aliyekuja kumchukua mtoto. Huyo mtu mzima ndiye anayekirudisha kwenye kopo.

"Kikiwa kambani, mtoto ni wangu," aliwaambia wazazi. "Kikiwa mkononi mwako, ni wako. Katikati hapo hakuna kitu."

Wazazi wenye haraka walinung'unika. Baba mmoja alisema hajawahi kuona mtu mzima na akili zake anapewa kibanio kama risiti ya mtoto. Alikipokea hata hivyo, kwa sababu alikuwa anaangaliwa, na yule mama alikuwa na namna ya kumwangalia mtu kwa upole mpaka anatii.

Basi huyo ndiye mtu aliyetakiwa afundishwe kulea watoto.

Semina zilikuwa na utaratibu wake, na Mama Vibanio aliujua kama anavyojua sala ya asubuhi. Kwanza mnamngoja mgeni wa kufungua. Akishafungua, mnajitambulisha: unaitwa nani, unatoka wapi, unapenda nini. Halafu mnachagua mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Halafu kanuni: simu zizimwe, tuheshimiane, hakuna jibu baya. Halafu kila mtu anapewa kikaratasi cha njano aandike matarajio yake, kinabandikwa ukutani. Halafu mnasimama mnapiga makofi ya kuamsha mwili. Halafu chai. Baada ya chai inakuwa imebaki saa moja, na katika saa hiyo mnaelezwa kwamba mtoto naye ni binadamu.

Mara ya kwanza alifurahi kweli, akarudi na cheti akakibusu. Mara ya pili wakaambiwa mfadhili amebadilika, vyeti vya zamani havitambuliki, waanze upya. Mara ya tatu walikuja washiriki wawili wapya, na mkufunzi akasema si haki kuwaacha nyuma. Mara ya nne mkufunzi alikuja na makaratasi ya Sehemu ya Pili, akagundua yalikuwa ya watu wa ufugaji wa kuku, akafundisha alichokikumbuka. Alikumbuka Sehemu ya Kwanza.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomchoma ni saa. Semina ilianza saa nane mchana, na ilifanyika katika chumba chake, kwa sababu ndicho pekee chenye viti vya kutosha. Viti vyenyewe ni vya watoto. Kwa hiyo, ili walezi wafundishwe kuwaangalia watoto baada ya shule, watoto walifukuzwa baada ya shule.

Alimwambia Mratibu mpya. Mratibu huyu alikuwa kijana nadhifu, shati ndani ya suruali, kalamu tatu mfukoni, na hakuwa na roho mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa.

"Hoja nzuri hiyo, mama. Iandike kwenye matarajio."

Akaiandika. Kwenye kikaratasi cha njano, kwa herufi zake kubwa za mviringo: Natarajia semina ifanyike asubuhi, watoto wakiwa shule. Ikabandikwa ukutani. Jioni mkufunzi akavibandua vikaratasi vyote, akavikunja pamoja na makaratasi makubwa, akavitia kwenye mfuko, akapanda gari. Mara nne aliandika, na mara zote nne vikaratasi viliondoka na gari.

"Huenda huko wanaviuza," mumewe alisema.

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Si umemwahidi Mungu?"

"Nimemwahidi sitamjibu mtu. Sikusema sitakasirika."

Mwaka huo, Jumanne ya mwisho wa mwezi, mambo yalikaza. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, wazazi wamejaa barazani, yeye anatoa vibanio huku na huku, na Mratibu akaja na barua mkononi akamvuta pembeni.

"Mama, ile semina ya kesho ni Sehemu ya Pili. Safari hii ya kweli kabisa. Na agizo limekuja: ambaye hatakuwa na Sehemu ya Pili ikifika mwisho wa wiki, anarudisha ufunguo."

"Anarudisha ufunguo halafu chumba anapewa nani?"

"Anapewa mwenye Sehemu ya Pili."

"Nani ana Sehemu ya Pili?"

Mratibu akaitazama barua kana kwamba jibu limo. "Bado hakuna. Kwa hiyo chumba kitafungwa kwa muda."

"Muda gani?"

"Mpaka apatikane mwenye Sehemu ya Pili."

Mama Vibanio aliufunika mdomo kwa kiganja, asije akaivunja ahadi mbele ya wazazi. Watoto ishirini na watatu, ngazi tatu, na barabara ile ya malori mbele yake. Alisema tu, "Nitakuja," akarudi kwenye kamba kutoa vibanio.

Sasa, jioni ile yote alikuwa amefanya kazi ya kumwambia kila mzazi kwa mdomo wake kwamba kesho hakuna chumba, mtafutieni mtoto mahali. Tangazo la Mratibu lilikuwa limebandikwa mlangoni, lakini mama alijua tangazo la mlangoni linasomwa na mlango. Wazazi ishirini na mmoja aliwaambia. Wa mwisho kuja alikuwa Mama Pacha, mwanamke anayefua mashuka katika nyumba ya wageni, mama wa mabinti wawili wa miaka saba. Kila siku anafika mbio, miguu imevimba, anapokea vibanio vyake viwili na kushukuru kama amepewa zawadi. Mama Vibanio alimtia vibanio mkononi akamwambia, "Uwe na usiku mwema, mwanangu," huku kichwani anawaza ufunguo.

Hakumwambia. Alisahau.

Jumatano, saa nane mchana, washiriki tisa walikuwa wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Kaka Mpira, anayewachezesha watoto wa mtaa wa pili, alikuwa amekunjika kama mwavuli. Mwalimu Mstaafu, anayewafundisha watoto wa mtaa wa tatu kusoma na kuandika, alikwisha kufumba macho. Mkufunzi alikuwa mpya, dada mwenye miwani na sauti ya upole, amebeba karatasi kubwa kwapani.

"Dada," Kaka Mpira akauliza kabla hajaweka mfuko chini, "leo ni Sehemu ya Pili?"

"Ni Sehemu ya Pili."

"Si ya kuku?"

"Ya kuku?" Mkufunzi akapekua karatasi kwa wasiwasi. "Hapana, ni ya watoto."

Watu wakapumua. Mama Vibanio akasema moyoni, Ee Mungu, nashukuru.

"Basi," Mkufunzi akatabasamu, "tuanze kwa kujuana."

Wengi wa watu hawa tisa walikuwa wamejuana mara nne rasmi na miaka kumi bila rasmi. Walikuwa wamezikana wazazi. Mwalimu Mstaafu akafumbua jicho moja. "Mimi ni yule yule," akasema, akalifumba.

Wakajuana. Wakachagua viongozi, na kwa kuwa mumewe ni fundi saa, Mama Vibanio akawa mtunza muda kwa mara ya tano. Zikaja kanuni, na safari hii kulikuwa na kanuni mpya. Fomu ya mahudhurio ilikuwa na mistari mitatu ya kusaini: mwanzo, katikati, mwisho. Anayetoka chumbani zaidi ya dakika kumi anakatwa, na anarudia tangu Sehemu ya Kwanza. "Si mimi," Mkufunzi alisema, kama anaomba radhi. "Ni fomu." Vikaja vikaratasi vya njano. Mama Vibanio akaandika yale yale, kwa mara ya tano, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Saa tisa na dakika ishirini, Mkufunzi alikuwa akiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa: MTOTO ASIACHWE PEKE YAKE HATA DAKIKA MOJA. Mama Vibanio, kwa wajibu wake wa mtunza muda, akatazama saa ya mkononi, akainua macho, na macho yakaenda yenyewe dirishani.

Kwenye kamba kulikuwa na vibanio viwili.

Kimoja cha waridi chenye madoa meupe, kingine cheupe chenye madoa ya waridi. Vimebanwa bega kwa bega. Kandokando ya kamba, barazani, ngazini, hakukuwa na mtoto hata mmoja.

Akamwona Mama Pacha jana yake, mkono umenyooshwa, na akajisikia mwenyewe akisema uwe na usiku mwema. Akasimama, kiti kidogo kikaja naye kimenasa kiunoni, akakivua.

"Dada, naomba kutoka."

"Maliwatoni? Ni pale nyuma, nenda tu mama."

"Napajua, nilipafagia mimi. Kuna watoto wawili wamekuja na hawaonekani."

"Lakini watoto walitangaziwa leo hakuna."

"Hawa hawakuambiwa. Mimi ndiye niliyesahau."

Mkufunzi akaitazama fomu, akamtazama yeye. Alikuwa kama mtu aliyeshikwa mikono na watu wawili. "Mama, ikizidi dakika kumi, fomu haitakubali. Mimi sina uwezo. Na Mratibu ameniambia habari ya ufunguo. Hatuwezi kumtuma mtu?"

Hapo ndipo ahadi ya mwanzo wa mwaka ilipoteleza kidogo.

"Umtume nani?" Hakupaza sauti, ila kila mtu alimsikia. "Kibanio kiko kambani, dada yangu. Kikiwa kambani ni wangu mimi. Si wa fomu. Mtunza muda ni mimi, kwa hiyo andika: ametoka saa tisa na dakika ishirini na mbili." Akavua saa, akataka kuiweka mezani, akabadili mawazo, akaivaa tena, akatoka.

Kaka Mpira alikwisha kusimama. "Wale pacha? Wale wanaoongea kama redio? Nakwenda uwanjani." Akatoka kwa hatua tatu. Mama mmoja wa kituo cha sokoni akajifunga kanga kiunoni, akafuata. Viti vikaanza kuanguka. Mwalimu Mstaafu akashtuka usingizini.

"Ni chai?"

"Ni watoto wamepotea."

"Sasa mmekaa mnafanya nini?" Akaichukua fimbo yake, akashuka ngazi mbele ya vijana.

Mama Vibanio alianza na vyoo. Hakuna. Nyuma ya tangi la maji, hakuna. Akaenda mpaka lango la shule, mlinzi akamwambia watoto wote wametoka zamani. Akarudi kwa barabara ya malori, na kila lori lililopita lilipita juu ya moyo wake. Alisali huku anakimbia, sala isiyokuwa na maneno ya maana, ni "wawili tu, wawili tu" mpaka mwisho. Kwenye kona ya duka la rangi aliitazama saa. Saa tisa na dakika thelathini na tatu. Dakika kumi zimekwisha pita. Akaona kwamba cheti kimekwenda, na pamoja nacho ufunguo, na chumba, na watoto ishirini na watatu wamerudi kwenye ngazi. Na akaona pia, jambo la ajabu, kwamba halikumpunguzia mwendo hata hatua moja.

Mumewe hufanyia kazi kona ya tatu, chini ya paa la duka la vitambaa, kwenye meza yenye kioo na taa ndogo. Alimkimbilia akamwombe afunge meza amsaidie kutafuta. Alipokaribia akasikia sauti mbili zinazungumza kwa wakati mmoja.

"Huu ni mguu wa saa."

"Si mguu, ni moyo, babu kasema ni moyo."

Walikuwa wamekaa juu ya kasha chini ya meza, Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo, mabegi mgongoni, wameshika saa ya mezani iliyofumuliwa matumbo. Mama Vibanio akashika nguzo.

"Wewe baba watoto," akasema alipopata pumzi, "hawa umewatoa wapi?"

"Mimi? Wamejileta wenyewe. Wamesema leo kwako hapafai."

"Na wewe ukaona usinijulishe."

"Nimepiga simu mara tano! Umeizima!"

Kanuni ya kwanza: simu zizimwe. Mama Vibanio akafumba macho, akahesabu mpaka saba.

"Bibi," Pacha Mkubwa akamvuta kanga, uso umejaa huruma, "umekwisha kusamehewa?"

"Kusamehewa nini, mjukuu wangu?"

"Tulibana vibanio, tukachungulia dirishani, tukakuona umekaa kwenye kiti chetu na yule dada amesimama. Tukajua umeadhibiwa."

"Wote mmeadhibiwa," Pacha Mdogo akaongeza. "Hata yule babu. Mlifanya nini?"

Fundi saa alicheka mpaka miwani ya kazi ikamdondoka. Mama Vibanio hakucheka, ila alipiga magoti pale pale kwenye vumbi akawakumbatia wote wawili kwa mpigo, mabegi na saa na skrubu zake.

Waliporudi kituoni ilikuwa inakaribia saa kumi. Wenzake walikusanyika mmoja mmoja, wanahema, viatu vimejaa vumbi. Kaka Mpira alikuwa amefika hadi mtoni. Wakaingia chumbani wote kwa pamoja, pacha katikati kama maharusi, wakijua wanaingia kukatwa.

Mkufunzi alikuwa peke yake. Kwa muda wa karibu dakika arobaini alikaa na karatasi kubwa, viti tisa vilivyoanguka na chai inayopoa. Hakuwa na wa kumfundisha, akaanza kutembea, na katika kutembea akafika ukutani. Walimkuta amesimama mbele ya vikaratasi vya njano, miwani ameipandisha kichwani, anasoma.

"Wamepatikana?" akageuka haraka.

"Wamepatikana."

"Mungu ashukuriwe." Akavuta pumzi, akarudi ukutani. "Nani aliandika hiki? Kimetoboka."

"Ni mimi," Mama Vibanio akasema.

"Na hiki?" Kilisema: Nataka semina ya asubuhi. "Na hiki?" Kilisema: Watoto wangu wako barabarani sasa hivi. "Na hiki cha mwandiko mzuri?"

"Changu," Mwalimu Mstaafu akasema. Kilisema: Asubuhi, kwa jina la Mungu, asubuhi.

Vikaratasi tisa vilikuwa na neno moja. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake. Kila mmoja alidhani anateseka peke yake. Mkufunzi akakaa kwenye kiti kidogo, magoti yakamfika kidevuni kama wao.

"Nina miaka mitatu katika kazi hii," akasema polepole. "Vikaratasi hivi nimevikunja sijui mara ngapi. Sikuwahi kuvisoma. Hakuna sehemu ya fomu inayosema visomwe."

Saa kumi na moja kamili Mratibu akaja kufunga semina. Akapokea fomu akaanza kuhesabu saini za katikati. Hakukuwa na hata moja.

"Hakuna aliyehitimu?"

"Wote walitoka zaidi ya dakika kumi," Mkufunzi akasema.

"Wote tisa? Maana yake nifunge vyumba tisa?" Uso ulimpauka. Kalamu tatu zote zilionekana kumlemea.

Kaka Mpira akamweleza, Mwalimu Mstaafu akamsahihisha, pacha wakawasahihisha wote wawili. Mratibu akasikiliza akitikisa kichwa. Walipofika kwenye habari ya semina za asubuhi, akafungua mdomo.

"Hoja nzuri hiyo. Ii..."

"Usiniambie niiandike!" Mama Vibanio akasema.

Safari hii sauti ilipanda. Ilitoka nje ya dirisha na watu wakageuka barabarani. "Usiniambie niiandike, mwanangu. Nimeiandika mara tano. Iko pale ukutani, geuza shingo uisome. Leo nimeacha watoto ili nifundishwe kutoacha watoto, na nusura niwapoteze. Ufunguo huu hapa. Ukiutaka uchukue, lakini kesho saa tisa uje ukae kwenye hizo ngazi wewe, na wao, na malori." Akaufungua kutoka kwenye pindo la kanga, akaunyoosha mkono.

Mratibu hakuupokea. Aligeuza shingo. Akaenda ukutani akasoma cha kwanza, cha pili, mpaka cha tisa, na masikio yakamwiva.

Mkufunzi akaivuta fomu. "Ukurasa wa pili," akasema, "kuna mstari wa zoezi la vitendo. Unasema: washiriki wakabiliane na tukio la mtoto asiyeonekana, kwa ushirikiano, ndani na nje ya jengo. Muda, dakika arobaini." Akamtazama Mratibu. "Hausemi kama tukio liwe la kweli au la kuigiza."

"Lilikuwa la kweli," Mratibu akasema kwa sauti ndogo.

"Basi limefanyika."

Akasaini. Mratibu akasaini chini yake, kwa kalamu ya kwanza aliyoigusa, ikawa nyekundu.

Saa kumi na mbili Mama Pacha akafika mbio kama kawaida, mikono inanuka sabuni. Mama Vibanio alikuwa anamngoja barazani. Angeweza kumpa vibanio na kunyamaza. Watoto walikuwa salama, wamekula biskuti zote za semina. Lakini hakutaka kulala na jambo hilo.

"Mwanangu, kabla hujapokea. Leo hapakuwa na chumba. Jana nilitakiwa nikuambie, nikasahau. Watoto wako walikaa bila mimi kama nusu saa, nisijue wako wapi. Walikuwa kwa mume wangu. Nisamehe."

Mama Pacha akasimama. Akawatazama mabinti zake, akawagusa vichwa, kimoja kimoja.

"Mama Vibanio," akasema, "hata wewe?"

Maneno hayo mawili yalimwingia kuliko vyeti vyote. Halafu Mama Pacha akanyoosha mkono, na Mama Vibanio akatoa kile cha waridi, akatoa kile cheupe, akamtia kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

Cheti cha tano kilikuja baada ya wiki tatu, Sehemu ya Pili, na muhuri. Mumewe alikitundika akarudi nyuma kukitazama, akatangaza kwamba kimekaa upande. Habari ya gari hakuitaja tena. Usiku ule wa semina Mama Vibanio alikuwa amemwambia Mungu kuhusu ile sauti aliyoipandisha, akasema anajuta. Akafikiri kidogo, akasema anajuta nusu.

Sehemu ya Tatu iliitishwa mwezi uliofuata, saa tatu asubuhi. Alifika mapema. Watoto walikuwa shule, kamba barazani ilikuwa tupu, kopo limejaa vibanio ishirini na vitatu. Na mtu fulani alikuwa ameleta viti vya watu wazima. Akakaa, akanyoosha miguu mpaka mwisho, simu wazi mapajani, akasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia kwenye semina.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mkufunzi, mwanamume, mpya kabisa, karatasi kubwa kwapani. Akatabasamu.

"Habari za asubuhi wote. Tuanze kwa kujuana."

Mwalimu Mstaafu akafumba macho. Mama Vibanio akatazama juu kwenye bati, akaomba subira, akasimama wa kwanza.